Siku moja bila simu janja: kwa nini inakatika saa sita mchana, na namna ya kuifikisha jioni

SWALI: Mimi ni mama wa watoto wawili, mkubwa ana miaka 10 na mdogo ana miaka 4. Naishi Tabata na ni mhasibu katika duka la jumla Kariakoo. Nimechoka na simu. Jumapili iliyopita nilijaribu kuizima kuanzia asubuhi, nikikusudia kuiwasha usiku, lakini saa sita mchana nilikuwa nimeshaiwasha. Mdogo alikataa kula bila katuni, umeme ukaisha, na moyoni nilikuwa na wasiwasi kwamba bosi au ndugu wananitafuta. Nilipoiwasha nikakuta kweli bosi alikuwa amenitafuta. Je, siku moja bila simu janja ina faida yoyote kwa ubongo, au ni mambo ya watu wasio na majukumu? Na kama ina faida, nifanyeje nifike jioni?

JIBU: Dada, nitaanza na lile ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba ulipowasha simu ulikuta kweli bosi amekutafuta, kwa sababu ugumu wa jambo hili uko hapo zaidi kuliko kwenye ubongo. Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu kupumzika na simu humchukulia mtu kana kwamba simu yake ni kifaa cha starehe, kitu anachoweza kukifungia kabatini Jumamosi usiku na asiwepo anayeathirika. Yako inabeba pochi, saa ya kukuamsha, daftari la namba za watu, umeme wa nyumba, katuni za mtoto, kazi inayokufuata hadi jikoni, na kikao cha kudumu cha ukoo kuhusu harusi, wagonjwa na misiba. Jumapili ile ulivizima vyote kwa kitufe kimoja bila kumwachia mtu wala kitu chochote zamu. Sioni kwamba ulishindwa kwa kukosa nidhamu. Mwenye nidhamu kuliko wewe, akiwa na mtoto mwenye njaa na nyumba isiyo na umeme, naye angeiwasha, na angekuwa na haki ya kuiwasha.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba uzime intaneti na usizime simu. Hamisha laini yako kwenye kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, kisha uishi siku nzima ukiwa unapatikana kwa kupigiwa na kwa meseji za kawaida. Wapo watakaokuambia kwamba huko ni kujidanganya, na kwamba siku bila simu iwe bila simu kweli. Sikubaliani nao, na hata utafiti bora uliopo haukuwadai washiriki zaidi ya hapo.

Mwanzoni mwa mwaka 2025 jarida la kisayansi liitwalo PNAS Nexus lilichapisha matokeo ya jaribio lililowahusisha watu 467 wa Marekani na Kanada, ambao simu zao ziliwekewa programu ya kuzuia intaneti kwa wiki 2. Kupiga na kupokea simu kuliachwa kama kulivyo, meseji za kawaida ziliachwa, na kompyuta hazikuguswa. Yaani simu zao za bei kubwa zilifanywa kuwa vitochi. Matokeo yalionyesha kwamba uwezo wao wa kukaza mawazo kwenye jambo moja kwa muda mrefu uliongezeka, hali yao ya kiakili ikawa nafuu, na waliridhika zaidi na maisha. Watafiti walipochunguza sababu, waliona kwamba muda uliobaki wazi watu waliutumia kuonana ana kwa ana, kufanya mazoezi na kukaa nje. Liko pia jambo moja katika utafiti huo ambalo huenda likakufariji: sehemu kubwa ya washiriki hawakuweza kutimiza sharti hilo kwa siku zote walizokubali, ingawa walijiandikisha kwa hiari yao wenyewe. Nao pia waliona unafuu fulani.

Nakuomba pia usitarajie makuu. Jaribio jingine, lililochapishwa mwaka 2020 katika jarida la American Economic Review, liliwalipa Wamarekani wafunge akaunti zao za Facebook kwa wiki 4 kabla ya uchaguzi wa bunge wa mwaka 2018. Waliofunga walipata muda mwingi zaidi na familia na marafiki, lakini pia walitazama zaidi televisheni wakiwa peke yao, walijua habari za siasa kwa kiasi kidogo kuliko wenzao, na furaha yao iliongezeka kidogo tu. Mimi nauamini utafiti wa namna hiyo kuliko ahadi za kwamba utageuka mtu mpya, kwa sababu unaonyesha kwamba muda unaoukomboa kutoka kwenye simu hauendi wenyewe mahali pazuri. Usipoupangia shughuli, runinga itauchukua.

Majaribio yote hayo mawili ni ya majuma, wala si ya siku moja, na hapa ndipo nijibu swali lako la ubongo. Kuna usemi unaozunguka kwamba ukikaa bila simu kwa siku moja unasafisha dopamini kichwani na kuanza upya. Dopamini ni kemikali ambayo ubongo huihitaji wakati wote, hata kwa kuinua mkono, na hakuna siku ya mapumziko inayoimwaga wala kuipima upya. Vilevile, katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani inayotumika tangu mwaka 2022, umo ugonjwa unaohusu michezo ya kompyuta, lakini uraibu wa simu haumo. Kwa hiyo usijipachike jina la ugonjwa kwa sababu tu umechoka. Tunachokijua vizuri zaidi ni tabia. Thawabu inayokuja bila mpangilio, mara ipo mara haipo, hujenga mazoea magumu kuvunjika kuliko thawabu ya uhakika, na wanasaikolojia wamelijua hilo tangu majaribio ya B. F. Skinner ya katikati ya karne iliyopita. Ujumbe unaokuja lini hujui, kutoka kwa nani hujui, na wenye maana mara moja kati ya mara nyingi, ni thawabu ya aina hiyo hasa. Mazoea yaliyojengwa kwa miaka hayavunjwi Jumapili moja.

Faida ya siku moja ni nyingine, nayo wewe unaijua kwa kazi yako. Duka la jumla hufungwa siku moja kuhesabu mzigo, na siku hiyo haliuzi kitu, haliingizi fedha, wala rafu hazibadiliki. Lakini jioni mwenye duka anajua kilichopo, kilichopungua, na kile kilichokaa miaka miwili bila mnunuzi. Siku yako bila simu janja iwe ya kuhesabu namna hiyo. Ukiichukulia kuwa dawa utavunjika moyo ifikapo Jumanne, kwa sababu utajikuta unaishika simu kama kawaida.

Sasa maandalizi, ambayo yaanze Alhamisi au Ijumaa. Laini ya simu janja kwa kawaida ni ile ndogo iliyokatwa hadi kubaki chuma chenyewe, na vitochi vingi bado vinapokea laini ya umbo kubwa zaidi, kwa hiyo utahitaji kile kifremu cha plastiki ambamo laini ilibanduliwa, na kama ulikitupa, mafundi wa simu wa mtaani hawakosi. Jaribu kitochi Ijumaa, usisubiri Jumapili asubuhi, maana betri ya simu iliyolala kabatini mwaka mzima huweza kuzimika katikati ya mazungumzo. Kuna kitu ambacho karibu kila mtu hukigundua akiwa amechelewa: majina ya watu siku hizi huhifadhiwa kwenye akaunti ya intaneti na si kwenye laini, kwa hiyo ukihamisha laini utaona namba tupu zikikupigia bila kujua ni nani. Andika kwenye karatasi namba za watu ambao siku haiwezi kupita bila wao: wazazi, shule, bosi, jirani mmoja wa karibu, zahanati, na kijana wa bodaboda wa kijiweni kwenu, kwa kuwa programu za kuita usafiri hutakuwa nazo. Ibandike karatasi hiyo kwenye friji. Itakufaa hata siku simu itakapoibiwa.

Kuhusu fedha usiwe na hofu. Huduma za fedha za simu zilianza hapa kwetu Tanzania mwaka 2008, wakati simu janja mkononi mwa mtu wa kawaida ilikuwa kitu cha nadra, na zilijengwa kwa ajili ya vitochi. Kama unatumia M-Pesa, menyu ya *150*00# inafanya kazi kwenye kitochi sawasawa na inavyofanya kwenye simu yako, na mitandao mingine nayo ina menyu zake. Umeme unaweza kuununua humo humo, na tokeni yako ya tarakimu 20 itakuja kwa meseji ya kawaida. Lakini mimi ningekushauri ununue wa kutosha Jumamosi, ili siku hiyo usiwe na sababu ya kukaa umeinamia kioo chochote. Chukua pia fedha taslimu, na ziwe noti ndogo na sarafu, maana konda wa daladala siku ya Jumapili asubuhi hana chenji ya noti ya elfu kumi na hataki kusikia habari zako za utafiti. Programu ya benki iache ilivyo, ila ujue kwamba baadhi yake huweza kukuomba uthibitisho upya laini itakaporudi kwenye simu janja, usishtuke.

Baada ya vitu, wanafuata watu, na hao ni wagumu kuliko vitu. Nikianza na bosi: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida za kazi kwa wiki na inampa mwajiriwa mapumziko ya angalau saa 24 kila wiki. Sheria hiyo ina nafasi zake za makubaliano, na wasimamizi wa ngazi za juu wana utaratibu wao, lakini msingi wake ni kwamba siku ya kupumzika ni stahili yako na hakuna fadhila unayofanyiwa. Hata hivyo, sikushauri umtumie bosi kifungu cha sheria Ijumaa jioni. Mwambie kwa mdomo, kabla ya kutoka kazini, maneno ya kawaida kabisa: "Bosi, Jumapili sitakuwa WhatsApp. Kukiwa na la haraka, naomba unipigie kwa simu ya kawaida." Sentensi hiyo ina nguvu kuliko inavyoonekana. Bosi wengi hutuma maagizo Jumapili kwa sababu kutuma hakuwagharimu chochote. Wamekumbuka jambo, wameandika, wamesahau. Kumpigia mtu simu siku ya mapumziko ni kitu kizito zaidi, kina salamu, kina kuulizana habari za watoto, na mtu hujiuliza kwanza kama jambo lenyewe linastahili. Mengi yatangoja Jumatatu. Litakalokufikia kwa simu litakuwa la haraka kweli, na hilo ulipokee bila kinyongo.

Ndugu nao waambie vivyo hivyo, lakini si lazima uwaambie wote. Ukitangaza kwenye kundi la familia kwamba Jumapili hutakuwepo, utaanzisha mjadala utakaokula Jumamosi yako yote, na shangazi mmoja atauliza kama umegombana na mtu. Chagua mmoja, dada yako au shemeji mwenye busara, umwombe awe anakupigia kama kuna msiba au mgonjwa. Hofu ya kukosa habari ya msiba ndiyo inayowawashia simu watu wengi wa kwetu, wala siidharau, maana kutoonekana kwenye msiba ni jambo linalokumbukwa miaka. Lakini angalia desturi yenyewe inavyokwenda: habari ya kifo cha mtu wa karibu bado hupigwa simu. Kinachofuata kwenye kundi ni pole, picha, ratiba na orodha ya michango, na hivyo vyote vitakungoja. Ujumbe wa WhatsApp usiopokelewa hutunzwa kwenye mitambo yao hadi siku 30, kwa hiyo hakuna neno litakalopotea kwa siku moja. Atakayekuandikia ataona tiki moja tu, na kwa kuwa wako watu wanaotafsiri tiki moja kuwa umewazuia, wale wepesi wa kununa uwadokeze mapema.

Nije kwa mdogo wako wa miaka 4, ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyeimaliza Jumapili yako, kuliko bosi na kuliko umeme. Mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 yanasema mtoto wa miaka 3 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku ya kukaa mbele ya kioo, na pungufu ya hapo ni bora zaidi. Lakini la kwako ni kubwa kuliko hesabu ya saa, kwa sababu katuni zimeunganishwa na chakula. Mtoto anayelishwa huku macho yake yakiwa kwenye kioo humeza bila kusikiliza tumbo lake. Hajui ameshiba lini wala anakula nini, na kioo kikiondolewa anachokiona kimepotea ni mlo wenyewe. Ndiyo maana alikataa. Haukuwa ukaidi.

Kwa hiyo Jumapili hiyo isiwe siku yake ya kwanza kula bila katuni. Anza naye wiki nzima kabla, na uanze na mlo mmoja tu, ule anaoupenda kuliko yote; kama ni chipsi mayai, basi chipsi mayai, wala usione haya. Simu isiwepo mezani wala isionekane juu ya kabati, kwa sababu akiiona ataipigania. Kaeni wote mle kwa pamoja, ikiwezekana kwenye sinia moja, maana mtoto wa umri huo huiga mikono ya wenzake kuliko anavyosikia maneno. Atalia siku ya kwanza, na huenda ya pili akalia zaidi kuliko ya kwanza, kwa kuwa anajaribu kama kilio kikubwa kitaleta kile ambacho kilio kidogo hakikuleta. Usimshike kichwa ukamlisha kwa nguvu na usimtishie. Baada ya kama dakika 20 ondoa sahani bila maneno mengi, na mlo unaofuata uwe kwa wakati wake. Mtoto mwenye afya hatajidhuru kwa kuruka nusu ya mlo mmoja, ila kama uzito wake umekuwa ukisumbua kliniki, jambo hili lizungumzie kwanza na mhudumu wa afya. Kinachoharibu kazi yote ni kushikilia siku tatu halafu siku ya nne ukampa simu kwa sababu kuna mgeni sebuleni. Hapo atakuwa amejifunza kwamba kinachotakiwa ni kulia kwa siku nne.

Mkubwa wa miaka 10 mwambie mpango wako tangu mapema, na umpe cheo. Watoto wa umri huo hupenda kumsimamia mtu mzima, naye atakukamata ukijisahau kuliko mtu mwingine yeyote. Kama wanataka kutoka nje wakacheze rede au kombolela na watoto wa jirani, waache watoke. Runinga siipigi marufuku siku hiyo, mradi isiwashwe wakati wa kula na isigeuke kuwa simu kubwa ya ukutani. Barua yako haikumtaja mtu mzima mwingine nyumbani. Kama yupo, simu yake ndiyo mwanya utakaokuponza, kwa sababu mtoto atahamia kwake na wewe utaanza kusema "hebu niangalizie mara moja tu". Si lazima naye azime, ila mkubaliane kwamba simu yake haitazamwi na wewe wala watoto hadi kesho yake.

Siku yenyewe ikifika, simu janja izimwe kabisa na iwekwe mahali ambapo kuifikia ni lazima uinuke na ufungue kitu, kama vile ndani ya sanduku la nguo chini ya kitanda. Utafiti mmoja wa mwaka 2017 uliofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, ulidai kwamba simu ikiwa mezani, hata ikiwa kimya, hupunguza uwezo wa kufikiri. Majaribio ya baadaye hayakukubaliana yote na dai hilo, nami silijengei nyumba. Sababu yangu ni nyepesi zaidi: mkono huenda kwenye simu kabla ya mtu kuamua, na kufungua sanduku kunampa nafasi ya kuamua.

Uwe na karatasi na kalamu. Kila mkono wako unapoitafuta simu, andika saa, mahali ulipokuwa, na ulichokuwa unakitafuta, kwa safu tatu kama unavyoandika kazini. Utaandika kitu kama "saa 3:10, jikoni, saa ngapi", kisha "saa 4:25, dukani kwa Mpemba, nakumbuka bei ya mchele", kisha "saa 4:40, barazani, hamna". Usiache kuandika hizo "hamna", kwa maana ndizo zenye thamani kuliko zote. Wengi hushangaa kukuta ni nyingi, na kwamba zimejikusanya kwenye nyakati zilezile: ukingoja maji yachemke, ukiwa foleni, ukitoka tu kugombezana na mtoto, ukikaa kitandani baada ya chakula. Unaweza pia kuhisi mtetemo mapajani ilhali hakuna simu mfukoni. Ni kitu kinachowapata watu wengi wazima wa afya na hakina madhara.

Kati ya saa nane na saa kumi alasiri utachoka kwa uchovu wa ajabu, ule wa kukosa cha kufanya. Uupokee bila kuushangaa. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia waliwaacha watu chumbani peke yao na mawazo yao kwa dakika 15, bila simu wala kitabu, ila palikuwa na kitufe cha kujipiga shoti ndogo ya umeme ambayo wote walikuwa wameshasema hawaipendi. Wanaume 12 kati ya 18 walijipiga shoti angalau mara moja, na wanawake walikuwa 6 kati ya 24. Binadamu hajazoea kukaa na kichwa chake mwenyewe, hata kabla ya simu hakuzoea, na tofauti ni kwamba zamani alasiri ya namna hiyo ilimsukuma mtu atoke akabishe hodi mahali. Fanya hivyo. Panda daladala uende Buguruni au Segerea, kokote aliko mtu ambaye mmekuwa mkiandikiana "tutaonana" kwa miezi, na umpigie kwa kitochi kabla ya kutoka ili usimkute hayupo. Hilo ndilo ambalo wale washiriki wa mwaka 2025 walilifanya kwa muda wao, na kwa mujibu wa watafiti ndiko sehemu ya unafuu wao ilikotoka.

Usirudishe laini usiku ule. Ulikusudia kuiwasha usiku, nami naelewa, lakini ukiifungua saa tatu usiku ujumbe wote wa siku utakushukia kwa pamoja, na utalala saa saba ukiwa umechoka kuliko ungekuwa hukujaribu. Acha kitochi kikuamshe Jumatatu, kunywa chai, ndipo uirudishe. Anza na ujumbe wa mtu mmojammoja, kisha wa kazini, kisha tafuta jina lako kwenye makundi uone kama kuna aliyekuuliza kitu. Yaliyobaki makundini yapite bila kusomwa. Picha za watu za siku ile hazikuhusu tena.

Karatasi yako isome Jumatatu jioni, ukiwa umetulia. Kama safu ya tatu imejaa "saa ngapi" na kengele ya kuamka, nunua saa ya mezani, na simu ilale sebuleni kuanzia siku hiyo. Kwa kweli, kama ningeruhusiwa kumpa kila anayeniuliza badiliko moja tu, lingekuwa hilo, maana kinachokesha nasi kitandani ni maudhui yasiyokwisha kuliko mwanga wa kioo. Kama imejaa bosi, basi ile sentensi ya Ijumaa iwe ya kila Ijumaa. Kama imejaa "hamna", zima arifa za makundi yote isipokuwa moja la familia, na zitoe zile programu za video fupi kwenye ukurasa wa kwanza wa simu, au zifute kabisa kwa majaribio hadi mwisho wa mwezi. Na kama utaona kwamba vitu vingi ulivyovitafuta vilikuwa vya lazima kweli, kwamba simu inakubebea kazi halali na mengine ni machache, hayo nayo ni matokeo mazuri, na unaweza kuacha kujilaumu.

Hukuuliza kama urudie kila Jumapili, lakini najua utauliza. Mimi nisingekuwekea sheria hiyo, hasa ukiwa na mtoto mdogo na kazi ya hesabu za mwisho wa mwezi. Rudia baada ya miezi michache, uilinganishe karatasi mpya na ya zamani, na katikati hapo yatunze yale mabadiliko mawili matatu uliyoyachagua. Ukiwa unauguza mtu, au una zamu ya kuitwa, siku ya namna hii iahirishe bila majuto. Na ikiwa siku hiyo, pamoja na maandalizi yote, utapatwa na hofu inayokubana kifua, au ukajikuta huwezi kukaa na mawazo fulani mahususi ambayo simu ilikuwa inakusaidia kuyakimbia, basi usirudie jaribio peke yako. Nenda ukamwone daktari au mshauri nasaha katika hospitali iliyo karibu nawe, na uende na karatasi yako, kwa sababu itamwonyesha ni saa ngapi na ukiwa wapi mawazo hayo hukujia.